Ukuta wa majina ya vijana waliokufa vitani (KAR na Somalia): jiwe gani, maneno gani, tuanzie wapi?

Mwana_Bombo

Salaam aleikum, na habari zenu wakubwa. Shule moja ya msingi upande wa Bombo, Uganda, imetenga kiwanja cha mita 6 kwa 4 karibu na lango, kijengwe ukuta wenye majina ya vijana wa muluka wetu (sawa na kata) waliokufa vitani. Orodha ya sasa ina majina 27: wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) 22 waliokwenda vita vya pili vya dunia, na wa UPDF (jeshi la Uganda la leo) 5 waliofia Somalia. Majina ya KAR yametoka kwa wazee kwa mdomo, na mbele ya kila jina pameandikwa "Burma" (Myanmar ya leo).

Tumepewa bei mbili, ya bamba la shaba na ya graniti. Shaba ni nafuu kidogo na inaonekana ya heshima. Fundi anasema msingi wa futi moja unatosha. Wajumbe wengine wanataka majina yapangwe kwa vyeo, ofisa juu, praiveti chini, na "Mashujaa wetu hawatasahauliwa" kwa herufi kubwa kuliko yote. Tunataka pia wanafunzi wajue hawa walikuwa watu wa namna gani, maana wengine wanasemekana walikuwa na miaka 18 au 19 tu. Naomba wenye ujuzi watuelekeze kabla hatujalipa kitu.

Karani_wa_Nyaraka

Wa aleikum salaam, ndugu. Msilipie jiwe bado. Jina lililokosewa kwenye karatasi linafutwa. Kwenye graniti mtanunua bamba jingine zima.

Anza na hilo neno "Burma". Kwetu Uganda "kwenda Burma" limekuwa jina la vita vyote vya pili, na wengi wanaosemwa walikufa huko hawakufika. Idi Amin mwenyewe alisimuliwa miaka mingi kuwa alipigana Burma, ilhali kumbukumbu zinaonyesha aliingia KAR mwaka 1946, vita vimeshakwisha. Vijana wetu walipigana mahali patatu hasa: Somalia ya Waitaliano na Ethiopia mwaka 1941, Madagascar mwaka 1942, halafu Burma kuanzia 1944 wakiwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo iliteremka bonde la Kabaw wakati wa mvua za 1944 ikafika mto Chindwin, pale Kalewa, mwezi Desemba. Aliyekufa 1941 hawezi kuwa wa Burma. Mwaka peke yake utawaondolea makosa mengi.

Kuna na kundi la nne ambalo wazee husema tu "alizama". Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliizamisha meli ya SS Khedive Ismail karibu na visiwa vya Maldives, ikiwa njiani kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo). Ilizama kwa muda wa kama dakika mbili, wakafa karibu watu 1,300, wengi wao wakiwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki. Familia ikikuambia kijana alipotelea baharini na hakuna kaburi, anza kumtafuta hapo.

Namba ya batalioni nayo inasema kitu. Batalioni za KAR za Uganda zilizokuwa katika Divisheni ya 11 ni 4, 34 na 44. Ya 7 pia ilikuwa ya Uganda. Lakini msimlazimishe kila mtu awe wa KAR: Baganda, Waacholi, Walugbara na Wanubi walikuwamo pia kwenye mizinga, usafirishaji, hospitali na vikosi vya kazi, na huyo atapatikana chini ya jina la kikosi chake.

Sasa utafutaji wenyewe. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina orodha ya bure mtandaoni. Inachukua waliokufa kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Ukiandika jina kama familia inavyoliandika leo, mara nyingi hutampata, na sababu ni hizi. Tahajia ya Luganda ilisanifiwa mwaka 1947, kwa hiyo Ssali wa leo huenda yuko kama Sali, na Ssebunya kama Sebunya. Karani Mwingereza alichanganya R na L, akaandika Rukwago pale penye Lukwago. Majina ya Kinubi ndiyo yaliyoteseka zaidi: Fadhlmulla unaweza kumkuta Fadimula, Fadelmula au Fadl Mulla. Wengi wana jina moja tu. Basi tafuta kwa herufi tatu au nne za mwanzo, chagua jeshi la Afrika Mashariki, kisha usome sehemu ya maelezo ya ziada. Mara nyingine imeandikwa mwana wa nani na wilaya gani ya Uganda. Hapo ndipo mtu hutambuliwa kwa uhakika, kuliko kwa jina lake.

Rekodi itakuonyesha pia anakumbukwa wapi. Waliofia nyumbani, kambini au hospitalini, wengine wako makaburi ya vita ya Jinja. Waliozama, na wengi wa Ethiopia na Madagascar wasio na kaburi, wako kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Ngong Road. Wa Burma wasio na kaburi wako kwenye mnara wa Rangoon, pale Taukkyan nje ya Yangon, wenye majina karibu 27,000.

Kwa kila jina fungueni ukurasa mmoja: jina kama familia inavyotamka, jina kama lilivyo kwenye rekodi, namba ya jeshi, kikosi, cheo, tarehe, mahali, na chanzo cha kila kimoja. Sheria iwe vyanzo viwili visivyotegemeana. Mzee na mdogo wake waliosikia kwa baba yule yule ni chanzo kimoja. Cheti cha kuachishwa jeshi au barua ya malipo kwa mjane ni chanzo kizuri sana. Medali ni chanzo dhaifu: medali za Waingereza za vita vya pili kwa kawaida zilitolewa bila jina, tofauti na za vita vya kwanza ambazo zina jina na namba ukingoni. Nyota ya Burma kwenye sanduku inaonyesha kwamba mtu fulani wa nyumba ile alifika eneo lile, basi. Tena familia ikisema babu alikuwa "ombasha" au "shawishi", hayo ni majina ya vyeo ya zamani ya askari wa Kisudani, yaani koplo na sajini. Yasije yakachongwa kama sehemu ya jina.

Ambaye hana chanzo cha pili asitupwe. Mwekeni kwenye orodha ya kungoja.

fundi_mawe

Mwana_Bombo, fundi wako anakuokolea mfuko mmoja wa saruji ili ukuta ulale baada ya mvua mbili. Ukuta uliosimama peke yake, bila nyumba ya kuushika, na watoto wa shule wanapanda juu yake kila mapumziko, futi moja haifai.

Hesabu hii ni ya ukuta wa urefu wa mita 3, kimo mita 1.5 juu ya ardhi, unene wa tofali zima (sentimita 23), na nguzo ndogo ya sentimita 45 kila mwisho. Chimba mtaro wa upana sm 60, kina sm 70, uendelee hadi udongo mweusi wa juu uishe na ukute murram ngumu. Zege la msingi unene sm 20, kipimo 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto). Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, na toroli lililosawazishwa ni kama lita 65, kwa hiyo kwa kila mfuko weka toroli moja na nusu ya mchanga na toroli tatu za kokoto. Msingi huo unakula mifuko miwili. Matofali ya kuchoma ya sm 23 kwa 11 kwa 7.5 ni kama 100 kwa mita ya mraba, na ukihesabu sehemu iliyo chini ya ardhi una mita za mraba 6; agiza 650 kwa ukuta, halafu ongeza ya nguzo. Yakiwa ya kijijini pima mwenyewe kwanza, kwa sababu kila tanuri lina ukubwa wake. Mchanganyiko wa kujengea, saruji na mchanga 1:4, mifuko mitatu. Lipu, mifuko miwili. Jumla saba au nane.

Kitu kinachosahaulika ni nailoni ya kuzuia unyevu, sm 15 juu ya ardhi. Bila hiyo maji yanapanda kwenye matofali na chumvi nyeupe inatokea nyuma ya jiwe na pembeni yake. Cha pili ni kofia ya zege juu ya ukuta: itokeze sm 5 mbele na nyuma, na chini ya hiyo sehemu iliyotokeza chora mfereji mdogo wa kutonesha maji. Usipouweka, maji yanateremka moja kwa moja kwenye maandishi na kuacha mistari myeusi ya ukungu ndani ya msimu mmoja.

Shaba iache kabisa. Bamba la shaba karibu na barabara ya Gulu litakuwa kwenye mizani ya vyuma chakavu kabla rangi ya ukuta haijakauka. Marumaru nyeupe nayo inachakaa kwa mvua, herufi zinapoteza kingo. Chukua graniti ya milimita 20. Ukiamua mabamba mawili ya sm 90 kwa 60, kila moja lina uzito wa kilo 29 hivi, watu wawili wanalibeba. Yaache sm 30 katikati na sm 45 kila pembeni, na mita 3 zako zimejaa. Ukingo wa chini uwe sm 60 kutoka ardhini, ukingo wa juu mita 1.2, ili mtoto wa P.3 (darasa la tatu) asome bila kuinuliwa.

Herufi za majina zisiwe chini ya milimita 15 kwa kimo, mstari mpaka mstari milimita 30. Ukitoa kichwa na pembezoni unabaki na mistari 12. Kwa safu mbili ni majina 24 kwa bamba. Wale 22 wa KAR wanaenea la kwanza. La pili lina watano, na nafasi 19 zinabaki tupu. Ziache tupu, msijaze kwa mapambo. Karani amesema kuna orodha ya kungoja, na vita navyo havijaisha.

Muulize mchongaji anachongaje. Mashine ya leza kwenye graniti nyeusi iliyong'arishwa inakuna juu juu tu. Dukani inapendeza, lakini nje jua likipiga unaona uso wako badala ya jina, na rangi ikitoka hakuna mfereji wa kuirudishia. Taka herufi zilizochimbwa kwa mchanga wa kupuliza au kwa patasi, kina cha milimita 2 hadi 3. Omba kipande cha mfano, kiweke nje saa saba mchana, ukisome ukiwa mita mbili.

Kufunga: mwagilia ukuta siku 7, ngoja zitimie 28 ndipo utie mabamba. Pini nne za chuma cha pua za milimita 8 kwa kila bamba, zishikwe kwa gundi ya epoksi. Msumari wa kawaida au nondo ikishika kutu inavimba na kupasua jiwe kwenye pembe, na ufa huo hauzibiki. Nyuma ya bamba acha nafasi ya milimita 5, na chini usizibe, maji yapate pa kutokea.

Afande_Mstaafu

Nimesoma yote. Naongeza kuhusu wale watano wa Somalia, kwa sababu utaratibu wao si sawa na wa KAR.

Uganda iliingia Mogadishu Machi 2007, ya kwanza katika AMISOM, ujumbe wa Umoja wa Afrika huko Somalia. Jina la ujumbe limebadilika njiani: ATMIS kuanzia 1 Aprili 2022, AUSSOM kuanzia Januari 2025. Kwenye jiwe andika "Somalia" na mwaka. Ukiandika jina la ujumbe, lazima lilingane na tarehe ya kifo. Kijana aliyefia Buulo Mareer tarehe 26 Mei 2023, siku waliyouawa askari wetu 54, hakuwa AMISOM.

Usichonge jina la mtu ambaye jeshi halijaiarifu familia yake rasmi. Aliyetoweka ni aliyetoweka. Mkiandika amekufa, mnaharibu mambo ya mirathi na malipo, na mama yake anayemngoja mnamuua kabla ya wakati wake. Uthibitisho unapatikana kupitia ndugu wa karibu aliyeandikishwa na kijana mwenyewe jeshini. Huyo ndiye mwenye barua. Kama barua imepotea, yeye ndiye afuatilie wizara ya ulinzi Mbuya, siyo kamati. Kamati ikiandika barua kwa jina lake yenyewe itazungushwa, na ni sawa izungushwe.

Mchukue idhini ya maandishi kwa familia zote tano. Wapo wasiotaka jina ukutani, na sababu zao ni zao. Mjane na wazazi wakivutana, msiwe waamuzi, subirini. Kwenye kijitabu cha shule msitaje kambi aliyokuwa, kazi yake maalumu, wala majina ya wenzake ambao bado wako kazini. Picha aliyojipiga akiwa na silaha mbele ya gari la vita iacheni kwa familia, mtumie ya nyumbani.

Kuhusu sherehe. Mnayo 9 Juni, Siku ya Mashujaa. Mnayo Tarehe Sita, siku ya jeshi, 6 Februari. Mnayo Jumapili ya pili ya Novemba, ambayo Jumuiya ya Madola huadhimisha. Tarehe 9 Juni ni sikukuu ya serikali, wanafunzi hawako shuleni ila muwaite. Ile ya Novemba ni Jumapili, muwaite vilevile, na kuna mvua, kwa hiyo hema. Mimi ningechukua Novemba. Mpiga tarumbeta huombwa kwenye kambi ya karibu kwa barua inayopitia ofisi ya RDC (mwakilishi wa Rais wilayani), mwezi mmoja kabla, siyo wiki. Mkikosa tarumbeta, kimya cha dakika mbili kinatosha. Msicheze sauti ya simu kwenye spika.

Bendera ya nusu mlingoti hupandishwa kwanza mpaka juu kabisa, kisha ndipo inashushwa nusu. Wakati wa kuiteremsha, vilevile: juu kwanza. Hili hukosewa kila mahali. Majina yote 27 yasomwe polepole, ni kama dakika tatu, na msomaji awe ameyafanyia mazoezi mbele ya familia. Sheikh na padri wapatane mapema nani anaanza na kila mmoja dakika ngapi. Mgeni rasmi aongee baada ya majina, asiongee kabla.

Mwalimu_wa_Yumbe

Ndugu Mwana_Bombo, swali lako la mwisho, la watu wa namna gani, limeachwa, na kwa shule ndilo kubwa.

Ukienda kwa familia ukauliza "alikuwa mtu wa namna gani?" utajibiwa: mpole, mwenye nidhamu, anayependa watu. Ishirini na saba wote watakuwa wapole. Marehemu hasemwi vibaya, na huwezi kuilaumu familia. Uliza mambo yenye jibu moja. Nyumbani aliitwa nani? Alikuwa akifanya kazi gani wiki ile alipoandikishwa? Nani alimsindikiza, mpaka wapi? Mshahara wa kwanza aliutumia kwa nini? Alikuwa akigombana na nani, na kwa sababu gani? Alishindwa nini shuleni? Mtoto wa P.6 akisoma kwamba kijana wa miaka 20 alituma nyumbani pesa za mabati na kuagiza kwamba chumba cha bibi kiezekwe kwanza, tabia ameiona. Neno "shujaa" halihitajiki hapo, na ukilitia linaondoa ladha.

Maelezo hayo yasichongwe. Yawe kwenye kijitabu, maneno 50 hivi kwa kila mmoja, ukurasa mmoja na picha kama ipo. Jambo la vitani liingie pale tu lilipothibitishwa na aliyekuwapo au na maandishi ya jeshi. "Aliua maadui kumi" ni maneno ya kilabuni. Kwa KAR wengi hakuna aliye hai wa kuulizwa, kwa hiyo ukurasa utakuwa mfupi, na uachwe mfupi. Msiazime tabia ya mmoja mkampa mwingine ili kurasa zilingane.

Rekodini kwa simu, lakini kila jina la mtu na la mahali liandikwe kwenye karatasi na msemaji mwenyewe au mjukuu wake, palepale. Sauti peke yake haitofautishi Okelo na Okello.

Umri: wengi wa KAR hawakuwa na cheti cha kuzaliwa na ofisa aliwakadiria kwa macho. Pasipo hati, msiandike umri. Kwa UPDF ni rahisi, sheria ya 2005 inataka angalau miaka 18 na kuna hati za shule.

Na waliokufa kwa malaria au kuhara damu Burma wasiwekwe mkia wa orodha. Bonde la Kabaw lilijulikana kwa malaria kabla ya risasi ya kwanza. Kijana aliyekufa kwa homa akiwa kazini amekufa vitani, na CWGC yenyewe inamhesabu hivyo.

Mwana_Bombo

Nawashukuru sana, wazee wangu na walimu. Shaba tumeiacha. Yamebaki mawili magumu. Moja, mjumbe mmoja hajakubali kuhusu vyeo. Anasema jeshini hakuna usawa, kwa nini ukutani uwepo? Pili, tangu habari itoke, familia tatu zimeleta majina ya vijana waliokufa 1979 wakiwa jeshi la Amin, na moja imeleta kijana wa UNLA (jeshi la serikali iliyofuata baada ya Amin) aliyekufa 1983. Hapa Bombo mnajua jambo hilo lilivyo.

Karani_wa_Nyaraka

La vyeo lina jibu la zamani. Tume ya makaburi, iliyoanzishwa mwaka 1917, ilikubali kanuni kwamba jenerali na praiveti wanapata jiwe la aina moja, bila kujali cheo, rangi wala dini. Kanuni nzuri, sisi ndio hatukufanyiwa. Ripoti ya tume hiyo hiyo ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa baada ya vita vya kwanza. Wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps, waliobeba mizigo ya jeshi) wamo humo. Mwambie mjumbe kwamba tukianza kupanga mstari wa vyeo kwenye ukuta wa watoto wetu wenyewe, tunarudia kosa lile kwa hiari. Pangeni kwa alfabeti. Cheo kiandikwe kwa ufupi baada ya jina, familia ikitaka.

La 1979: kamati iandike kanuni kabla ya kujadili jina lolote. Sentensi moja: nani anastahili, vita vipi, makazi yalithibitishwaje. Mkishaisaini, jina linaingia au haliingii kwa kanuni hiyo. Mimi ningefunga kwenye vita viwili mlivyoanza navyo. Ukuta wa shule ni mdogo, na kesi ya nani alikuwa upande gani hauwezi kuibeba.

Mwalimu_wa_Yumbe

Hapo sikubaliani nawe, mzee. Mtoto wa shule hiyo ambaye babu yake alifia Lukaya mwaka 1979 atapita langoni kila asubuhi na kujua kwamba kuna vijana wanaohesabiwa na wasiohesabiwa. Aliyeandikishwa akiwa na miaka 18 hakuchagua rais. Waingizeni kwa kanuni ile ile ya vyanzo viwili: jina, mwaka, mahali. Jina la jeshi lisiandikwe kwa yeyote, hata KAR, wala neno "ukombozi" wala "uvamizi". Kichwa kiseme: "Vijana wa muluka huu waliokufa wakiwa askari." Hicho ni kweli kwa wote.

Afande_Mstaafu

Kichwa hicho nakiunga mkono hata kama hamtawaingiza wa 1979. Kinasema mlichonacho ushahidi. Lakini, Mwalimu, usiwape haraka. Familia za waliouawa na majeshi hayo zinaishi muluka ule ule. Waitwe wakae pamoja na mwenyekiti wa LC (baraza la mtaa) na wazee wa dini, wasikilizwe kabla ya kuchonga. Wa KAR na Somalia wanaweza kwenda mbele sasa bila kungoja kikao hicho.

fundi_mawe

Na kwa jiwe hilo halina shida, maana bamba la pili lina nafasi 19 na majina yanaweza kuchongwa hapohapo ukutani baadaye. Mwambieni mchongaji tangu mwanzo, awaachie kiolezo cha herufi na jina la fonti, vinginevyo majina ya baadaye yatakuwa na sura nyingine. Kama mnafuata alfabeti, acheni nafasi za nyongeza chini ya orodha. Msijaribu kuchomeka jina katikati.

Kabla ya kuchonga, taka karatasi ya mfano ya ukubwa halisi, sm 90 kwa 60. Ibandikwe ofisini kwa mwalimu mkuu wiki mbili, na kila familia isaini pembeni ya jina lake. Mtu mmoja asome herufi moja moja kwa sauti, mwingine akifuata kwenye ukurasa wa Karani, akianzia jina la mwisho kwenda la kwanza. Ukisoma kwa mpangilio wa kawaida jicho linaruka kosa. Mchongaji achonge kutoka karatasi iliyosainiwa, asichonge kutoka ujumbe wa WhatsApp, kwa sababu simu hurekebisha majina yenyewe.

Kusafisha ni maji, brashi laini na sabuni kidogo isiyo kali, mara mbili kwa mwaka. Asidi ya chooni inakula viungo vya saruji na kuchafua jiwe, na brashi ya waya inaacha mikwaruzo inayoshika ukungu. Rangi ya herufi ikififia, ipakwe upya kwa brashi nyembamba na ya ziada ipanguswe kabla haijakauka. Muombe mchongaji kopo dogo la rangi ile ile, mliandike, mlifungie stoo.

Mwana_Bombo

Nimeelewa. Jumamosi tunafungua kurasa 27, tunaanza na wale wawili ambao wazee wanasema walizama. Mchongaji nimemwambia asubiri.